Mabao Mawili Yaliyobaki Mbaraki

Hapa Kibokoni ukimtaja Mwalimu, wa kwanza kukujibu atasema Mungu amrehemu, yule alikuwa mtu. Wa pili ataileta mechi ya Mbaraki, na akifika pale penye mkono atashusha sauti na kukuonyesha kwa kiganja chake mwenyewe jinsi Mwalimu alivyotuzuia tusifunge. Mimi nikiwapo barazani huinuka nikaenda zangu. Wao hudhani ni goti. Goti linaniuma kweli, lakini si goti linaloniinua.

Leo nitamsema. Ambao wangeumia kwa maneno haya wote wametangulia mbele ya haki, na mimi nimechoka kuyabeba peke yangu. Jina lake silitaji. Hata alipokuwa hai hatukumwita kwa jina, tulimwita Mwalimu, na mpaka wakeze walimwita hivyo hivyo. Kwao ni wapi, babake nani, alizaliwa nyumba ipi, hayo waulizeni wanaopenda kuhesabu nasaba za watu. Mimi nilimjua akiwa tayari ni Mwalimu wa timu yetu, ana kofia ya viua iliyoanza kuliwa ukingoni, na filimbi shingoni ambayo sikumbuki kumsikia akiipuliza. Akitaka tusimame aliinua mkono, nasi tulisimama.

Alikuwa fundi wa makubadhi, na mpira ulikuja baada ya alasiri, akishafunga kibanda. Viatu vyetu vya mpira alivitengeneza yeye. Zama hizo njumu zilikuwa vipande vya ngozi vilivyopigiliwa misumari chini ya soli, na soli ikichakaa msumari ulitokeza ndani ukakutoboa unyayo. Ukimpelekea malalamiko alikutazama juu ya miwani akasema, "Sasa umejua mguu wako uko wapi," akakisukuma kiatu pembeni kana kwamba hana habari nacho. Kesho yake ukikivaa unakuta msumari umelazwa, na ndani mmetiwa kipande cha ngozi laini ya mbuzi. Alikitengeneza usipoona. Ukimshukuru alikasirika, akakuuliza kama huna kazi ya kufanya.

Kusifu mtu kulimshinda. Niliwahi kufunga mabao matatu siku tuliyocheza na timu ya askari, watu wakanibeba mabegani kutoka uwanjani mpaka kwenye barabara kubwa, wananiimbia. Mwalimu alitufuata nyuma polepole, akangoja nishushwe, akaja kuniambia kwamba fulana yangu iko nje ya kaptura, na kwamba mtu wa Kibokoni hapiti mbele za watu fulana nje. Basi. Mabao matatu hakuyagusa. Nilitaka nimjibu neno la kumtoa machozi, badala yake nikachomekea fulana.

Lakini mamangu alipougua, yule aliyekuwa hawezi kunipa neno moja zuri alikuja nyumbani kwetu kila siku na birika la uji wa mtama. Hakupanda juu kwa mgonjwa, maana si mahali pake, alikaa ukumbini na kungoja birika lirudishwe tupu. Nikishuka aliniuliza amekunywa au hakunywa. Nikisema kidogo, alikunja uso na kesho yake aliongeza tangawizi. Mama alipopona alimpelekea maneno ya shukrani, akajibu kwamba uji ulikuwa umebaki tu nyumbani kwake. Nilimpenda mtu yule. Nalisema wazi ili msidhani nina chuki ya bure. Nilimpenda kuliko nilivyompenda babangu, na babangu hakuwa mtu mbaya.

Uongo ndio uliokuwa adui yake. Winga wetu wa kushoto, kijana mwenye mbio ambazo sijaziona tena kisiwani humu, alikosa mazoezi siku moja akasema alishikwa na tumbo. Mwalimu akamshika mkono akaenda naye mpaka kwa mamake, akabisha hodi, akasema amekuja kumpa pole kwa ugonjwa wa mwanawe. Mama wa watu hana habari. Tumbo gani, kijana alikwenda sinema. Jumapili ile tulikuwa na mechi na Majengo, wapinzani wetu wakubwa, na Mwalimu akamweka winga kando. Tulifungwa. Tulipomwendea na nyuso zimetuvimba kwa hasira alisema afadhali afungwe na Majengo kuliko kuchezesha mwongo. Nahodha wetu alimtetea kwa wenzetu mtaani, nasi tukatembea vifua mbele, timu iliyofungwa kwa sababu ya ukweli.

Na mtu huyo huyo, ambaye uongo wa tumbo la kijana ulimkosesha usingizi, alikuwa na ugonjwa wake ambao hakuna aliyethubutu kumwambia. Hakuweza kuuliza. Jambo asilolijua alilipita kando, na akibanwa alinyamaza kwa namna ambayo ungedhani analijua zaidi yako. Mkahawani akiletewa sahani ya mtu mwingine aliila. Fundi cherehani alimshonea kanzu fupi, inaonyesha vifundo vya miguu, akaivaa hivyo hivyo sikukuu nzima.

Siku moja tulikwenda naye Kizingo kumtafuta bwana mmoja wa ligi, tukamwombe ruhusa ya uwanja. Kizingo mnaijua, nyumba kubwa kubwa zimejificha ndani ya miti, hakuna anayekaa nje, na watu wenyewe wanapita kwa magari. Mwalimu hakujua nyumba ni ipi. Tukazunguka. Jua la saa nane linatuchoma, tunapita mbele ya mabawabu na watunza bustani, kila mmoja wao angeweza kutuonyesha kwa kidole, na Mwalimu anawasalimu kwa adabu na kuendelea mbele. Nahodha alitaka kuuliza, Mwalimu akamtazama jicho moja tu, akarudi nyuma. Tulirudi Kibokoni bila kuiona nyumba wala bwana. Barazani alipoulizwa alisema mambo sawa. Sisi tulicheka sana siku ile, kwa siri, wala hatukuona ubaya.

Mikutano ya ligi ilikuwa hivyo hivyo. Ilifanywa kwa Kizungu, maana ndani yake walikuwamo mabwana wa kila kabila, na waliokuwa hawakijui walikwenda na wakalimani wao. Mimi nilikuwa nimesoma, Kizungu nilikijua cha kutosha kuandikia barua za watu. Nikamwambia, Mwalimu, mkutano wa mwanzo wa msimu huu twende pamoja, nitakaa nyuma yako. Aliiweka chini nyundo yake.

"Mimi ndiye niliyekufundisha wewe," akasema. "Leo nikufanye ulimi wangu?"

Akaenda peke yake, kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi. Akarudi, akatuambia mambo sawa.

Sasa nawaambia mambo yaliyokuwa sawa mkutanoni mule. Kwa miaka yote tuliyoijua, timu mbili zikimaliza ligi zikiwa na pointi sawa zilikutana tena katika mechi ya marudiano, kisiwa kizima kinahamia uwanjani, na mshindi ndiye bingwa. Msimu ule ligi ilibadilisha. Pointi zikilingana, hakuna marudiano tena. Watatazama wastani wa mabao, wachukue mabao uliyofunga wayagawanye kwa uliyofungwa, mwenye wastani mkubwa atwae kombe. Sisi wachezaji hatukulijua hilo. Tulicheza msimu mzima tukijua moja tu, kwamba bingwa wa mwaka ule atakwenda Nairobi kucheza na mabingwa wa mikoa mingine, na wateuzi wa timu ya taifa watakuwa pale wamekaa wakitazama. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Kuvaa fulana yenye rangi za bendera, jamani, nani asiyeota ndoto hiyo? Mimi nilikuwa senta fowadi, nimo katika nguvu zangu, na senta fowadi wa Majengo, ambaye watu walinilinganisha naye, yeye mwenyewe alijua kwamba hanifikii. Nairobi ilikuwa yangu. Niseme nini zaidi.

Majengo walimaliza mechi zao mapema. Sisi tulibakiwa na moja, na timu ya Mbaraki, dhaifu kuliko zote. Tukishinda tutakuwa sawa nao kwa pointi. Na Mbaraki, wiki ile ile, walimzika golikipa wao.

Alikuwa kijana wa mzee mmoja wa Kiarabu mwenye ghala la mbao karibu na gati, kijana mpole, homa ilimchukua ghafla. Mwalimu alitupeleka matangani timu nzima, tukakaa mkekani na watani wetu wa jana, tukasoma Yasini. Mbaraki waliomba mechi isogezwe mbele, ligi ikakataa. Mzee akasema basi watacheza, mwanawe hakuwa akipenda mechi iahirishwe. Asubuhi wakasoma hitima, alasiri wakaingia uwanjani. Golini akasimama mdogo wake marehemu, ambaye hakuwa golikipa hata kidogo, amevaa fulana ya nduguye, mikono ameikunja mara mbili ndiyo viganja vionekane.

Nimecheza mpira miaka mingi, sijaona mechi chungu kama ile. Kabla ya mapumziko tulikuwa tumeshafunga manne. Mawili niliyafunga mimi, na kila nikifunga nilirudi katikati nikitazama chini. Watu wetu waliacha kushangilia. Kijana alikuwa akiuokota mpira wavuni yeye mwenyewe na kuupiga mbele kwa nguvu zake zote, analia na hajifuti.

Kipindi cha pili kilipoanza Mwalimu akasimama mstarini, akanyoosha mkono mbele, kiganja chini, akaushusha taratibu. Tuliielewa ishara ile. Maana yake rudini, shikeni mpira, msiende mbele. Tukaanza kupigiana pasi nyuma, beki kwa beki, na mimi nikasimama katikati ya uwanja sina kazi. Nilikuwa na furaha, mnisikie vizuri. Niliona ni jambo la heshima, na kushinda tumeshashinda, tutakutana na Majengo kwenye marudiano tuwaonyeshe.

Dakika zikaenda. Kando ya uwanja walikuwapo mashabiki wa Majengo wamekuja kutazama, wanacheka peke yao, na mmoja wao, mtu mnene mwenye mwavuli, akawa anapiga kelele, "Bado mawili! Bado mawili nyinyi!" Sikumwelewa. Akarudia mara nyingi kiasi kwamba nilishikwa na wasiwasi. Mpira ulipotoka nikakimbia mpaka mstarini, nikamwuliza Mwalimu, mbona wale wanasema bado mawili, bado mawili ya nini?

Uso wake ukawa na kitu, sikujua ni kitu gani. Akatazama upande wa kushoto, walikokaa mabwana wa ligi kwenye viti vyao. Kisha akanirudia, akasema Kimvita chake cha wazee:

"Teza mpira. Wa nde wawate na yao."

Nikarudi kucheza, walio nje nikawaacha na yao kama nilivyoambiwa. Mwishoni kabisa beki wao mmoja aliteleza, mpira ukanijia miguuni, na mbele yangu hakuna mtu ila yule kijana. Alijiziba uso kwa mikono yake ya fulana. Nilikuwa na nafasi ya kufunga nikiwa nimefumba macho. Nikageuka, nikaupiga mpira nyuma kwa nahodha. Uwanja mzima ukapumua. Refa akamaliza, manne bila.

Mzee wa mbao akaingia uwanjani akitembea kwa shida, akamwendea Mwalimu, akamshika mkono, akambusu begani. Sisi tulikuwa karibu, tulisikia. "Umenistiri mbele ya watu," akasema. Mwalimu akainamisha kichwa. Na katibu wa ligi akainuka kitini, akasoma hesabu, akatangaza kwamba kwa wastani wa mabao bingwa ni Majengo. Tungefunga mawili zaidi kombe lingekuwa letu. Ngoma ya Majengo ikaanza pale pale, wakaondoka nayo barabara nzima.

Tulikusanyika kibandani kwa Mwalimu, wengine wamekaa chini mchangani, winga wetu analia kama aliyefiwa yeye. Mwalimu alikuwa ameshachukua kubadhi lililoachwa nusu, anashona. Nahodha akasema wenzangu, tumeona leo utu ulivyo. Mwalimu alijua hesabu, akaliacha kombe kwa ajili ya matanga ya watu. Tukamtazama Mwalimu. Akatoboa ngozi, akapitisha uzi, akavuta. Nahodha akainuka akambusu mkono, na sisi tukamfuata mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika mkono wake ulikuwa baridi. Nilisema moyoni, ikiwa ni kwa ajili ya yule kijana mwenye fulana kubwa, basi. Nikajikaza kisabuni, nikaimeza.

Majengo walikwenda Nairobi. Senta fowadi wao, yule asiyenifikia, alichaguliwa. Picha yake akiwa na fulana ya taifa ilibandikwa kwa kinyozi wa hapa mtaani, na mimi nikinyolewa ilikuwa mbele ya uso wangu. Mwaka uliofuata goti langu likapinduka kwenye uwanja mkavu, likawa ndilo hili. Nikaingia duka la mjomba wangu kuuza vitambaa.

Mwalimu naye aliacha mpira. Alisema amechoka, watu wakasema ni huzuni ya kijana yule wa Mbaraki imemwingia. Heshima aliyopata baada ya hapo hata sharifu hapati. Akipita, baraza inainuka. Arusini anakalishwa mbele. Khatibu wa msikitini aliitaja mechi ile siku ya Ijumaa bila kutaja jina, na shingo zote zikageuka kumtazama. Mzee wa mbao alimpelekea halua kila Idi. Mwalimu aliyapokea yote hayo akiwa amenyamaza, na kwa kunyamaza kwake watu walizidi kumpenda, wakasema tazama mtu asivyojisifu. Alikuwa akikonda. Nilipokutana naye njiani alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko haja, anataka kusema kitu, kisha ananiuliza goti linaendeleaje.

Kuelekea mwisho wa miaka ile ya sitini, mzee wa mbao akamlipia nauli ya meli aende Hija. Alisema barazani kwamba mtu aliyemsitiri yeye matangani, yeye atamfikisha nyumba ya Mungu. Habari ikaenea mji mzima, wanawake wakapiga vigelegele madirishani.

Kwetu mtu akienda Hija hupita kwa jamaa na majirani kutaka radhi. Anabisha hodi, anasema nisamehe kwa yote niliyokukosa, na jibu ni moja tu, nimekusamehe dunia na akhera, nawe unisamehe. Huulizi umenikosa nini. Ni jambo la kupitia, unalifanya umesimama, kisha anakwenda mlango wa pili. Mwalimu alikuwa amezunguka Kibokoni yote, na mimi akaniweka mwisho. Alikuja dukani alasiri, nimo peke yangu nakata kitambaa cha mteja.

"Assalamu alaykum. Nimekuya kutaka radhi," akasema.

Nikamwitikia, nikamwambia nimekusamehe Mwalimu, dunia na akhera, nawe unisamehe mimi. Hata mkasi sikuuweka chini.

"Ngoja," akasema. "Hujui ulilosamehe."

Akavuta kiti akakaa. Alikuwa na kanzu mpya, na mikono yake ya ufundi ikitafuta kitu cha kushika ikakikosa. Akaniambia yote bila kunitazama. Hakujua. Mkutano ule wa ligi ulisemwa Kizungu tangu mwanzo mpaka mwisho, na wakitikisa kichwa yeye alitikisa chake. Alidhani ni marudiano kama miaka yote. Mkono ule aliushusha ili tusichoke, akitutunza kwa ajili ya Majengo. Kijana wa watu golini alimhurumia, ndiyo, nani asiyemhurumia, lakini si kwa ajili yake.

"Uliponijia na habari ya mabao mawili," akasema, "moyo ulinipiga. Nikajua pana jambo silijui. Katibu wa ligi alikuwa pale, ni kama hapa na mlango wako. Nilitaka nimwendee nimuulize. Kisha nikawaona watu wote, na wale wa Majengo, watasema Mwalimu wa Kibokoni hajui hata hesabu za ligi. Nikaona haya."

Nikauweka mkasi chini.

"Kisha mzee wa watu akaja kunibusu bega. Nitamwambiaje pale pale? Na siku ya pili yake ikawa vigumu zaidi, na ya tatu zaidi."

Miaka yote ile nilikuwa nimeweka kitu kimoja moyoni cha kunituliza: kwamba nilivipoteza vyangu kwa ajili ya kijana aliyefiwa. Kwa kinyozi, mbele ya ile picha, nilikuwa nikimkumbuka kijana yule na kusema haidhuru. Sasa hata hilo alikuwa ameketi mbele yangu ananinyang'anya, kwa sababu anataka kwenda Makka akiwa mwepesi. Swali moja. Mwulize mtu swali moja, tena kwa Kiswahili, katibu mwenyewe alikuwa akikijua vizuri.

Nikamwuliza kama mzee wa Mbaraki amemwambia.

"Mzee yule anamkumbuka mwanawe kwa siku ile," akasema. "Nikimwambia, nitakuwa nimemwachia nini?"

Labda ni kweli. Na labda ni kwa sababu tikiti ya meli ilikuwa ndani ya mfuko wa kanzu. Mimi ulimi ulinijaa, nilitaka kumwambia, na mimi Mwalimu, umeniachia nini mimi? Akainuka akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia hata makaburini.

"Basi nambie tena," akasema. "Sasa unajua. Nambie tena, mwanangu."

Nilikuwa nimekata shauri kumwambia hapana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Na hapo akaingia mama mmoja wa mtaa wa pili, mteja wetu, akamwona Mwalimu amenishika mikono analia, akaelewa mara moja, maana mji mzima ulijua nani anasafiri. Akasimama kando ya mlango kwa adabu. Barazani nje mazungumzo yakakatika, vichwa vikageuka kutazama ndani.

"Msamehe, mwanangu," mama akaniambia kwa upole, "mwenzio anakwenda kwa Mungu."

Wote wakanitazama. Mwalimu akanitazama.

"Nimekusamehe, Mwalimu," nikasema, kwa sauti ya kufika barazani. "Dunia na akhera."

Akanibusu kipajini, akatoka, na nje nikawasikia wakimwinukia. Mama akasema mashaallah, akajifuta macho kwa ncha ya buibui, kisha akaniuliza kama zile leso mpya zimefika. Nikapanda kigodani kumshushia, goti linaniuma, nikamtandazia moja moja juu ya meza achague.

Sikuwa nimemsamehe, wala sijamsamehe hata leo. Niliona haya mbele ya watu.